Kubeba pikipiki nyuma ya gari-nyumba: anza na mizani

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kuchomelea vyuma, kwa hiyo siku nilipoamua kubeba pikipiki nyuma ya gari-nyumba letu sikumuuliza mtu. Pikipiki ya cc 250 ninayo, mabomba ya mraba ninayo, mashine ninayo. Kwa siku tatu nikatengeneza kibebeo ambacho ungeweza kumpandisha ng'ombe. Nikakifunga kwenye chesi, pikipiki ikapanda, nikarudi nyuma hatua kumi kuitazama kazi yangu. Mke wangu alikuwa amesimama kando, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Mzee," akasema, "mbona gari limeinua pua?"

Nikamwambia ni macho yake tu. Usiku wa kwanza njiani, karibu kila dereva aliyekuja mbele yetu alituwashia taa kubwa, nami nikawashangaa maana nilikuwa nimewasha za chini. Asubuhi, kwenye mlima uliolowa, matairi ya mbele yakaanza kuzungukia papo hapo nikiwa gia ya kwanza. Gari letu huvutwa na matairi ya mbele. Nikaukumbuka ule usemi wa pua, nikanyamaza, na mjini tulikofika kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa mizani ya malori.

Haya ninayoandika hapa yametoka kwenye makosa hayo na mengine yaliyofuata. Nazungumzia gari-nyumba, yaani lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, na pikipiki au skuta unayotaka kuishusha ukishapiga kambi ili nyumba ibaki ilipo na wewe uzunguke.

Hesabu ya bembea

Kila gari lina kibati, aghalabu ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Hapo utakuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima, kisha uzito wa juu wa ekseli ya mbele, kisha wa ekseli ya nyuma. Watu wengi huusoma ule wa kwanza na kuishia hapo. Mimi pia.

Letu linaruhusiwa kilo 3,500 kwa jumla na 2,000 kwenye ekseli ya nyuma. Bila pikipiki, likiwa na maji, gesi, nguo, vyombo, na sisi wawili ndani, mizani ilisoma 1,500 mbele na 1,780 nyuma. Jumla 3,280. Pikipiki yangu kilo 150, kibebeo changu cha fahari kilo 50. Ukijumlisha unapata 3,480, chini ya kikomo kwa kilo 20, na ndivyo nilivyojipa moyo kabla ya safari. Lakini mizani ilipopima ekseli moja moja, ya nyuma ilisoma 2,100 na ya mbele 1,380. Kilo 200 nilizopakia zilikuwa zimegeuka zaidi ya 300 nyuma, na mbele zimeondoka 120.

Fikiria ubao wa bembea wa watoto. Ekseli ya nyuma ndiyo jiwe la katikati. Mtoto akikaa mbali na jiwe upande mmoja, upande wa pili unapaa. Hesabu yake ni nyepesi, unaweza kuifanya kwa simu ukiwa umekaa kitandani. Chukua uzito wa pikipiki pamoja na kibebeo. Zidisha kwa umbali kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya pikipiki. Gawanya kwa umbali ulio kati ya ekseli mbili za gari. Jibu ni kilo zinazoondoka mbele. Kilo hizo hizo, ukiziongeza kwenye mzigo wenyewe, ndizo zinazokwenda nyuma. Kwetu: 200 mara mita 2.3, gawanya kwa mita 4, unapata 115. Nyuma basi huongezeka 315. Mizani ile ilikuwa ikisoma kwa hatua za kilo 20, ndiyo maana namba zake na zangu hazikulingana sawasawa, lakini hadithi ni moja.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, peleka gari mizani likiwa limejaa kama siku ya safari. Maji kwenye tangi, mafuta, mitungi, abiria wote ndani, mpaka mbwa. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Nenda na hesabu hii mkononi. Ikiwa nafasi iliyobaki nyuma ni kilo 100, jua kwamba kibebeo na skuta ya kilo 140 havitaingia, hata kama gari zima lina nafasi ya kilo 300.

Wako watakaokuambia ufunge maputo ya hewa kwenye springi za nyuma. Nimeyafunga, nayapenda, gari limekaa sawa na taa hazipigi tena watu machoni. Ila maputo hayo huunyanyua mkia tu; kwenye ekseli hayapunguzi hata kilo moja. Ubaya wao ni kwamba yanakuficha dalili. Mke wangu asingeiona ile pua.

Angalia pia matairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Zidisha kwa mbili, linganisha na ekseli. Na upepo ujazwe kwa uzito uliopo sasa, siyo ule wa siku gari lilipotoka dukani.

Pikipiki gani

Niliuza ile ya cc 250. Iliniuma, lakini nikanunua skuta ya cc 125 yenye kilo 110, na badala ya kibebeo changu cha chuma nikachukua cha alumini cha kilo 30. Kwa kuwa skuta ni nyembamba, iliweza kukaa sentimita kumi karibu zaidi na gari. Kilo 140 mara 2.2, gawanya kwa 4: zinaondoka 77 mbele, zinaongezeka 217 nyuma. Hiyo ilinipa 1,997, nyembamba mno kwa roho yangu, basi nikalihamisha sanduku la spana la kilo 35 kutoka stoo ya nyuma hadi nyuma ya kiti cha dereva. Mizani: 1,960. Sanduku moja tu limeokoa karibu kilo 40, maana nalo lilikuwa limekaa upande ule wa bembea.

Ukiniuliza, chukua ndogo kuliko unayoitaka. Honda Grom na Monkey ni kilo mia na kidogo, Super Cub C125 iko kwenye 110, Vespa Primavera ya cc 125 inakaribia 130. BMW R 1250 GS ni karibu 250 na sijui kwa nini kila mwaka namkuta mtu anaining'iniza nyuma ya gari la mita sita. Angalia namba unayoisoma ni ya nini: "uzito mkavu" haujumuishi petroli, na mara nyingi hata oili na betri. Petroli ni kama robo tatu ya kilo kwa lita moja. Kisha kuna kisanduku cha nyuma, kioo cha upepo, kufuli, kava, na helmeti mbili ulizozisahau humo ndani. Skuta yangu ya kilo 110 niliipandisha mizani ikiwa na vikorokoro vyake ikasoma 120, nikaivua vikorokoro.

Cc 50 ni nyepesi zaidi, ila fikiria nani atapanda. Ulaya aina hiyo hufungwa isizidi kilomita 45 kwa saa na hairuhusiwi barabara kuu za kasi. Ukiwa peke yako kwenye tambarare ni raha tupu. Mkiwa wawili mlimani, wa nyuma atashuka atembee, na huyo wa nyuma kwetu ni mtu mwenye kumbukumbu ndefu. Cc 125 inatubeba wawili bila kulalamika. Kumbuka leseni na bima ya pikipiki ni mambo yake yenyewe. Leseni ya gari-nyumba haikupi ruhusa ya skuta kila nchi.

Na kama safari zako za kambini ni kilomita tano kwenda na tano kurudi, sema ukweli na nafsi yako: baiskeli mbili za umeme ni kilo 50 kwa jumla.

Ikae wapi

Iko stoo kubwa ya nyuma, ambayo baadhi ya magari huwa nayo chini ya kitanda na wenyewe huiita gereji. Ni pazuri kuliko pote: hakuna mvua, hakuna mwizi, na pikipiki iko karibu zaidi na ekseli. Lakini sakafu yake ina kikomo chake, aghalabu kilo 150 hadi 300, na kikomo hicho hakifuti kile cha ekseli. Pima urefu wa mlango, si wa chumba. Mikono ya usukani ndiyo hugonga, na saitimira itabidi uzifungue kila mara.

Kuna jambo moja kwenye gereji hizi ambalo linanitia hofu kuliko uzito, nalo ni mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na friji la gesi au hita vina moto. Chumba kile lazima kiwe na matundu ya hewa chini kabisa yanayotokea nje, na kizibwe kabisa kisipitishe hewa kuelekea unapolala. Mimi ningebeba tangi likiwa na robo tu, nifunge koki ya petroli kama pikipiki ni ya kabureta, na nisiwashe friji kwa gesi gari likitembea. Ukisikia harufu, simama, fungua milango yote, usiguse swichi.

Kibebeo cha nyuma, kinachofungwa kwenye chesi, ndicho wengi wetu tunachotumia. Swali la kuuliza ni chesi yenyewe inaishia wapi. Magari mengi chesi ya kiwandani huishia kabla ya ukuta wa nyuma, na sehemu iliyobaki imeongezwa na waliojenga nyumba juu yake, kwa bati jembamba au alumini, ibebe sakafu tu. Ingia chini na tochi. Ukiona maungio ya bolti ndogo na chuma cha unene wa milimita mbili, hapo hapabebi pikipiki. Kibebeo lazima kirefushwe hadi kwenye chesi halisi.

Hapa niongee kama fundi. Usichomelee kwenye chesi. Moto wa weldi huulainisha au kuukausha ukingo wa chuma, na ukingo huo ndio utakaopasuka kwa kutikisika, siyo weldi. Ile kazi yangu ya siku tatu, baada ya safari ya pili nilikuta ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa weldi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Funga kwa bolti, tena zenye 8.8 kichwani, namba inayoonyesha uimara wa chuma chake. Na kama kuna chochote cha kuchomelea mahali popote kwenye gari, ng'oa kwanza betri, vinginevyo utaunguza kompyuta ya injini.

Kuna vibebeo vinavyokaa kwenye mpira wa kuvutia tela. Mipira mingi ya magari haya imeandikiwa kilo 75 hadi 100 za kukandamiza kwenda chini. Skuta na kibebeo vinazidi hapo, na juu ya hayo kuna kule kujinyonga kushoto na kulia. Kwa baiskeli, sawa. Kwa pikipiki, la, mpaka kibati cha kuvutia chenyewe kiseme vingine.

Mwisho kuna tela. Ukiwa na pikipiki ya zaidi ya kilo 180, nadhani hakuna njia nyingine yenye akili. Tela hubeba uzito wake mwenyewe, na gari linabebeshwa kiasi kidogo tu mbele ya tela, karibu moja ya kumi ya uzito wa tela lililopakiwa. Pikipiki ikae kiasi kwamba uzito uegemee mbele kidogo ya ekseli ya tela. Uzito ukiegemea nyuma ya ekseli hiyo, pua ya tela inakuwa nyepesi na tela litaanza kutikisa mkia barabarani, jambo ambalo hulitaki hata mara moja. Bei ya tela unailipa kwenye rivasi, kwenye kivuko wanakokutoza kwa mita, na kwenye kambi zenye viwanja vidogo.

Kuipandisha

Egesha pahali tambarare. Kwenye kibebeo cha nyuma pikipiki hulala kwa upana wa gari, kwa hiyo njia ya kupandia inatokea ubavuni, na mteremko mdogo wa ardhi unaongeza au kupunguza yote. Kama kibebeo kiko sentimita 60 kutoka chini, tumia rampu ya mita 2 au zaidi. Fupi kuliko hiyo utasukuma ukuta. Rampu yenyewe ifungwe kwenye kibebeo kwa mkanda. Ikiteleza ukiwa katikati, wewe na skuta mtaanguka pamoja.

Kabla sijasukuma, mikanda miwili ya mbele huwa tayari imeshikizwa kwenye kibebeo na imelegezwa, ncha zake zimening'inia pale mkono wangu utakapofika. Hii nimeifikiria baada ya siku moja kusimama dakika nzima nimeishikilia skuta juu ya kibebeo, mikanda iko chini kwenye majani, na mke wangu yuko bafuni.

Simama upande wa kushoto, skuta iegemee kwako kidogo. Washa injini, uipe moto mdogo itembee yenyewe, wewe uiongoze. Usiipande. Msaidizi akae upande wa pili kwa mkono mmoja kwenye kishikio cha abiria, na kamwe mtu asisimame nyuma yake kwenye mstari wa rampu.

Ikibidi kusimama katikati ya mlima huo mdogo, shika breki ya nyuma. Watu wanabana ya mbele kwa mazoea, na skuta inarudi nyuma huku gurudumu la mbele limefungwa linaburuzika, maana uzito wote umehamia nyuma na la mbele halina kitu cha kung'ang'ania. Kwenye skuta breki ya nyuma iko kwenye mkono wa kushoto, rahisi. Kwenye pikipiki yenye gia iko mguuni, na wewe umesimama kando, hivyo huifikii. Dawa yake ni hii: zima injini ikiwa gia ya kwanza na uachie klachi. Injini yenyewe itakuwa breki. Ukitaka kuendelea kidogo, bana klachi, sukuma, achia tena.

Kuifunga

Kamba hukatika pabovu, na kwenye pikipiki pabovu si mkanda, ni pale ulipouning'iniza. Ganda la plastiki linaloitwa uso wa skuta halina nguvu. Usukani wa skuta umefunikwa na plastiki na ni mwembamba. Ingia chini ya plastiki ya mbele utafute kile chuma kinachobana miguu ya shokapu, juu ya gurudumu. Hapo ndipo. Pitisha kitanzi laini cha utepe kuzunguka chuma hicho, kisha ndoano ya mkanda ishike kitanzi. Ndoano ya chuma ikishika chuma moja kwa moja italegea na kukwaruza. Nyuma tumia kishikio cha abiria kama kimefungwa kwa bolti kwenye fremu, la sivyo fremu yenyewe.

Mikanda iwe minne, ya racheti, ikishuka kwa pembe ya digrii 45 hivi kuelekea nje pande zote mbili. Soma lebo yake. Mikanda ya Ulaya huandikwa LC, yaani mvuto wa juu ambao mkanda unaruhusiwa kubeba, na namba ya daN, na daN moja unaweza kuichukulia kama kilo moja. Kila mmoja wa yangu ni 500. Mkanda uliopauka kwa jua utupe; nyuzi zake zimekwisha kufa hata kama bado unaonekana mzima.

Ingiza gurudumu la mbele kwenye kabari yake. Anza mbele: vuta kushoto na kulia kwa zamu, pole pole, pikipiki ikae wima, hadi shokapu zibonyee kama nusu ya safari yake. Ukiibana mpaka chini kabisa utaharibu sili. Ukiiacha juu, kwenye shimo la kwanza itabonyea yenyewe, mkanda utalegea kwa sekunde moja, na ndoano itatoka. Nyuma kaza kwa kuizuia isicheze tu, siyo kwa nguvu ile ile.

Kwa kuwa pikipiki imelala kwa upana, ukikanyaga breki ya gari inataka kuangukia ukuta wa nyumba yako. Kwa hiyo mikanda ya upande wa nje, ulio mbali na gari, ndiyo inayofanya kazi ngumu. Hiyo ndiyo mipya. Katikati ya mkono wa usukani na ukuta wa gari mimi huweka kipande cha godoro la kambi.

Stendi zote juu. Ukiiacha imesimamia stendi, kila shimo litaisukuma dhidi ya stendi mpaka moja kati ya vitu viwili ipinde. Pikipiki ya gia iweke gia ya kwanza. Skuta haina gia ya kuifunga, basi bana breki ya nyuma kwa kamba ya mpira au utepe. Ncha za mikanda zilizobaki zifunge fundo, zisipeperuke. Moja yangu ilipiga rangi ya gari kwa kilomita 300 mpaka ikachora mstari uliofika kwenye chuma. Na kama mkanda unaimba kwa upepo, uzungushe mara moja kabla ya kukaza, utanyamaza.

Kisha endesha kilomita 20, simama, kaza tena. Kila mara utakuta umelegea kidogo. Baadaye kagua kila unaposimama, uwe na haja au usiwe nayo.

Barabarani

Gari limekuwa refu kwa sentimita 80 hivi, na sehemu hiyo ndefu iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo ukikata kona kulia mkia unatupwa kushoto kuliko ulivyozoea. Nenda uwanja mtupu, weka ndoo, fanya zoezi hilo mara kumi. Kwenye rampu za vivuko mkia ndio hukwaruza. Ingia mshazari ukiweza, taratibu, na mtu asimame nje akuangalie.

Taa, indiketa na kibao cha namba lazima vionekane. Vikizibwa na tairi la skuta, kibebeo kiwe na ubao wake wenye taa zote na namba. Italia na Hispania wanataka kibao cha mistari myekundu na myeupe cha sentimita 50 kwa 50 kwa mzigo unaochomoza nyuma. Kamera ya rivasi itaona kiti cha skuta tu, utaihamisha. Angalia pia ekzosi ya gari inapumua wapi. Yetu ilikuwa ikielekea moja kwa moja kwenye tairi la nyuma la skuta. Kiwiko kidogo cha bomba kikamaliza.

Kava silipendi safarini. Likipigwa na upepo hukuna rangi kama msasa na hushika upepo kama tanga. Nalivika tukifika. Bila kava vumbi na maji ya barabarani huingia kila mahali, kwa hiyo naziba mdomo wa ekzosi ya skuta kwa kizibo cha mpira chenye utepe mwekundu mrefu, na kama ni pikipiki ya cheni, cheni ipakwe mafuta kila ukifika.

Kufuli: mnyororo mnene unaopita kwenye fremu na kwenye kibebeo, pamoja na kufuli la diski. Hilo la diski niliwahi kulisahau, nikawasha skuta, nikaenda nusu mzunguko wa gurudumu, nikalala chini mbele ya majirani wote wa kambi. Tangu siku hiyo kufuli likiwa kwenye diski, funguo ya skuta hukaa mfukoni mwa mke wangu. Lazima niiombe, naye lazima aniulize.

Mkirudi nyumbani kishusheni kibebeo, msikiache juu mpaka safari nyingine. Osha chumvi na matope, pitisha kidole kwenye kila kiungo ukitafuta ufa, paka grisi penye kusugua. Nati zenye pete ya nailoni ndani hukamata vizuri mara ya kwanza tu. Ukizifungua, weka mpya.